Ushuru wa Mlango

Wimbi huenda na kurudi
mara milioni mia nane sitini na saba kwa sekunde,
na ukijumlisha kwenda kwake na kurudi kwake
unapata sufuri.
Kazi yangu ni kulikatalia nusu ya pili.

Niko Oulu, ghorofa ya tatu, mwezi wa Januari,
saa tisa mchana na giza limeshashika dirisha.
Mezani pana punje ya silikoni
ambayo nikipiga chafya nitaitafuta hadi Pasaka.
Haina betri. Betri, huko itakakokwenda,
hufa kwa baridi kabla ndama hajaota pembe.
Itaishi kwa kudoea:
antena nyembamba katika sikio la kulungu wa kaskazini,
mikrowati kumi na sita, zikifika salama,
na mimi ndiye nilitumwa kuzipokea.

Haba na haba, walisema.
Aliyesema hakuwahi kukuta kibaba chenye bawabu.
Dayodi ni mlango wa upande mmoja
na bawabu wake hafungui bure:
milivolti mia mbili hamsini, ndipo komeo liachie.
Mgeni wangu anakuja na mia moja na themanini.
Anasimama nje kwa adabu zake zote,
anarudi alikotoka,
anakuja tena.

Nikaongeza ngazi. Kapasita juu ya kapasita,
kila moja ikimbeba mwenzake begani,
volti zikapanda kwenye karatasi.
Kwenye karatasi hata mimi ni mrefu.
Ngazi sita, milango kumi na miwili,
viganja kumi na viwili vimekingwa;
chipu ikabaki na njaa huko juu.
Nikashuka hadi ngazi tatu.

"Mpoze bawabu," alisema Hannes Ylikulju,
ambaye husema sentensi mbili kwa siku.
"Mpe kidogo mapema, kutoka kwenye akiba."
Tukafanya, ili wimbi likifika
limkute kashasimama, mkono kwenye komeo.
Mlango ukafunguka kwa mia moja tu!
Tukanywa kahawa ya kushangilia,
kisha nikatazama kipimo tena:
akiba inashuka.
Mlango uliolegea haubagui anayeingia na anayetoka.

Wiki saba nikaishi humo katikati,
baina ya ubahili na ukarimu,
nikipunguza upana wa transista
kwa kiasi ambacho hata unywele ungekicheka.
Usiku mmoja nilimwota mama,
miaka thelathini dirishani pa posta ya Kemijärvi,
akipima barua kwa gramu.
Hakuniambia kitu. Alipima tu.

Thelathini na nne.
Katika kila mia zinazobisha hodi, thelathini na nne zinaingia.
Hannes alisema ni habari njema, na ikawa sentensi yake ya tatu.
Ni habari njema.
Hizo sitini na sita nazifikiria nikipiga mswaki.

Desemba, Utsjoki, zizi la kugawia mifugo.
Thelathini na moja chini ya sufuri;
baridi huwazidishia mabawabu ukali, nililijua hilo,
nililiandika daftarini kwa wino mwekundu.
Ndama wa kwanza akapita langoni. Kimya.
Wa pili. Kimya. Barafu imemshika sikio.
Wa tatu: mlio mmoja, mfupi,
na kwenye skrini tarakimu ishirini na nne.

Mzee Issát, bila kugeuza shingo, alikuwa ameshasema:
"Wa Biret-Sárá."
Alisoma mikato ya kisu kwenye sikio lile,
mnyama akiwa mbioni, taa ikiyumba,
bila kutumia hata volti moja.
Nikapekua orodha.
Wa Biret-Sárá.

"Na wale wawili wa kwanza?" nikamuuliza.
"Nao nawajua," akasema. "Andika."
Nikaandika kwa penseli,
glavu nimeiuma kwa meno.